Dawa ya kibiolojia imegoma? Chunguza na utumbo wa mdudu

Umepulizia Bt (dawa ya bakteria wanaoua wadudu), au umeachia nyigu, au umetawanya minyoo wanaoua wadudu. Siku zimepita na majani yanaendelea kutobolewa. Lawama huenda kwanza kwa dawa, kisha kwa aliyeipulizia. Yupo mhusika wa tatu ambaye hatajwi sana: bakteria wanaoishi utumboni mwa mdudu mwenyewe. Mara nyingine bakteria hao humsaidia adui wa mdudu kumaliza kazi, mara nyingine humzuia, na wapo wanaoivunja sumu kabla haijafika inakotakiwa. Tena bakteria yuleyule anaweza kuwa mkazi mtulivu utumboni, kisha akawa muuaji pindi anapovuka ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu ya mdudu.

Mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Tafuta ile unayoiona, soma sababu zake, kisha fanya jaribio lililopendekezwa kabla ya kubadilisha chochote.

Kwanza, sababu ambazo hazihusu utumbo

Hapa sina mjadala: utumbo haushukiwi mpaka sababu za kawaida ziondolewe. Nimeona watu wakipeleka sampuli maabara kutafuta bakteria, kumbe dawa ilikaa ndani ya gari juani tangu asubuhi.

Angalia aina ya Bt. Ile ya *kurstaki* ni ya viwavi, *israelensis* ni ya viluwiluwi vya mbu na jamaa zao, *tenebrionis* ni ya baadhi ya mbawakawa. Ukimpulizia mbawakawa dawa ya kiwavi, hakuna kitakachotokea, na bakteria wa utumboni hawana kosa. Angalia jua: miale yake huimaliza Bt juu ya jani ndani ya siku chache, ndiyo maana kupulizia jioni kuna maana. Angalia umri wa viwavi, kwa sababu wadogo hufa kwa dozi ambayo wakubwa huimeza na kuendelea na maisha. Na uangalie kama mdudu anakula sehemu iliyopuliziwa. Bt haiui kwa kugusa. Kiwavi aliyekwisha kujichimbia ndani ya shina hajaionja.

Kama yote hayo yako sawa, endelea.

Viwavi wameacha kula, lakini hawafi

Dalili hii ndiyo inayoulizwa zaidi, na ndiyo inayotafsiriwa vibaya zaidi, kwa hiyo tukae nayo.

Bt, yaani *Bacillus thuringiensis*, hutengeneza fuwele za protini. Fuwele hizo huyeyuka katika utumbo wa kati wa kiwavi, ambao una alkali kali, pH 9 hadi 11 kwa spishi nyingi. Vimeng'enya vya kiwavi huikata protini hiyo na kuifanya sumu kamili, sumu inanasa kwenye vipokezi vya seli za ukuta wa utumbo, inatoboa matundu, na seli zinavimba na kupasuka. Kiwavi huacha kula ndani ya saa chache. Kifo huja baadaye, mara nyingi baada ya siku 2 hadi 5. Kwa hiyo ukikagua kesho yake na kukuta viwavi wako hai, usiandike kwamba dawa imeshindwa. Angalia kinyesi chao. Kama hakuna kinyesi kipya na kingo za majani hazina alama mpya za kuliwa, sumu imefika.

Swali ni nini kinachomuua kiwavi katika siku hizo za katikati. Hapo ndipo bakteria wanapoingia, na hapo ndipo wanasayansi walipovutana kwa miaka.

Mwaka 2006, Nichole Broderick, Kenneth Raffa na Jo Handelsman wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walitoa matokeo yaliyowashtua wengi. Waliwalisha viwavi wa nondo *Lymantria dispar* antibiotiki mpaka bakteria wa utumboni wakaisha, kisha wakawapa Bt. Viwavi hawakufa. Walipowarudishia bakteria wa jenasi ya *Enterobacter*, Bt ikaanza kuua tena. Maelezo yao yalikuwa kwamba Bt hufungua mlango, na wanaoua ni wakazi wa utumbo wanaopita kwenye matundu na kuingia kwenye damu.

Mwaka 2009 tafiti mbili zikaja na jibu tofauti. Moja ilitumia kiwavi wa tumbaku *Manduca sexta*, nyingine nondo wa kabichi *Plutella xylostella*, na zote zikaonyesha kwamba Bt inaweza kuua bila msaada wa bakteria wa utumboni. Zikaeleza pia kwamba antibiotiki zinazobaki mwilini mwa kiwavi humuua Bt mwenyewe, kwa hiyo kiwavi anaweza kuonekana amelindwa na kukosa bakteria, kumbe amelindwa na dawa iliyobaki tumboni mwake.

Mwaka 2016 kazi iliyofanywa kwa *Spodoptera littoralis* iliweka sawa sehemu kubwa ya picha hiyo. Kinga ya kiwavi ilipodhoofishwa, na ukuta wa utumbo ukiwa umeharibiwa na sumu, wakazi wa kawaida kama *Serratia* na *Clostridium* walimiminika kwenye damu na kumuua. Kwa hiyo mambo 3 huamua pamoja: sumu imeharibu utumbo kiasi gani, kinga ya mdudu ina nguvu gani, na ndani ya utumbo mna bakteria gani.

Kwa mtu wa shambani tafsiri yake ni hii. Kiwavi aliyeacha kula lakini hafi amepata sumu ya kutosha kumwumiza, lakini haikutosha kuufungua utumbo wazi. Seli za utumbo wa kiwavi huzaliwa upya. Akipata nafasi, ataziba majeraha, atarudi kula, na utakuwa umepoteza wiki.

Fanya hivi. Chukua viwavi 20 au 30 kutoka sehemu iliyopuliziwa, uwaweke kwenye vyombo vyenye majani safi ambayo hayajapuliziwa, kila kiwavi na chombo chake ili mgonjwa asimwambukize mwenzake. Wakague kila siku kwa siku 5.

Wakirudi kula na kukua, dozi haikutosha au viwavi walikuwa wakubwa mno. Rudia kwa wale wadogo, na uhakikishe dawa inafika upande wa chini wa jani.

Wakifa wakiwa laini, weusi, wanavuja maji na kunuka, bakteria wamemiminika kwenye damu. Dawa imefanya kazi, ila polepole.

Wakiwa hawakuacha kula hata kidogo, tatizo liko kabla ya bakteria. Ama dawa imekufa dukani au ghalani, ama mdudu ana usugu. Nondo wa kabichi alikuwa mdudu wa kwanza kuonyesha usugu dhidi ya Bt ya kupulizia mashambani. Taarifa za Hawaii zilitoka mwaka 1990. Usugu mkubwa wa aina hiyo hutokana mara nyingi na mabadiliko kwenye vipokezi, ambako sumu haipati pa kunasa. Kuongeza bakteria hakutasaidia hapo. Ipime chupa hiyohiyo kwa viwavi wa jamii ambayo haijawahi kuguswa na Bt: wakifa, dawa ni nzima na wa kwako ni sugu, wasipokufa, tupa chupa.

Maabara inasema dawa ni dhaifu, shamba linasema ni nzuri (au kinyume chake)

Uliza swali moja kabla ya yote: chakula cha wadudu wa maabara kina antibiotiki? Vyakula vingi vya kufugia wadudu huwekwa antibiotiki ili visioze. Zinafaa kwa kufuga, lakini huharibu jaribio la dawa yoyote ambayo yenyewe ni kiumbe hai cha jamii ya bakteria.

Njia ya kukamata kosa hili ni rahisi. Ponda utumbo wa kiwavi aliyelishwa chakula hicho, weka tone lake juu ya sahani ya agari (rojo la kuoteshea bakteria) uliyoipaka Bt, na uiache usiku kucha. Asubuhi sahani nzima itakuwa imefunikwa na utando wa Bt wenye rangi ya maziwa. Ukiona duara safi, tupu, mahali ulipoweka tone, antibiotiki bado imo ndani ya kiwavi kwa kiwango cha kuua dawa unayoipima. Jaribio zima la jana halina thamani.

Kisha panga upya kwa makundi manne: viwavi wa kawaida bila Bt, viwavi wa kawaida wenye Bt, viwavi waliosafishwa bakteria bila Bt, na waliosafishwa wenye Bt. Ongeza kundi la tano ukiweza, la viwavi waliosafishwa kisha wakarudishiwa bakteria kwa chakula. Bila hilo la tano huwezi kutofautisha athari ya kukosa bakteria na athari ya antibiotiki yenyewe. Mimi matokeo yasiyo na kundi hilo huyasoma kwa tahadhari kubwa, hata yakitoka mahali penye jina.

Sababu ya pili ya tofauti hii ni kwamba wadudu waliofugwa vizazi vingi kwa chakula kimoja huwa na bakteria wachache na wa aina chache. Yule wa shambani amekula jani lenye vumbi, umande na kemikali za mmea wenyewe. Kwa jaribio linalohusu shamba, tumia wadudu wa shambani, au angalau walishe majani ya mmea husika kabla ya kuwapima.

Kuvu imepuliziwa, nzige au wadudu wengine wanaendelea kuruka

Kuvu kama *Metarhizium* na *Beauveria* huingia mwilini kupitia ngozi, hazihitaji kuliwa. Huchukua muda: kwa nzige na *Metarhizium acridum*, tarajia wiki 1 hadi 3. Nzige aliyeambukizwa huota jua kwa makusudi mpaka mwili wake upate joto linaloidumaza kuvu, kwa hiyo kwenye vipindi vya jua kali muda huo hurefuka. Hii ni tabia ya mdudu na haina uhusiano na ubovu wa dawa.

Utumbo unahusika pale unapotegemea kuvu imezwe, mathalani ukiichanganya kwenye chambo. Utafiti wa R. J. Dillon na A. K. Charnley kuhusu nzige wa jangwani ulionyesha kwamba bakteria wa utumboni hutengeneza kemikali ziitwazo fenoli zinazoua spora (chembe za uzazi) za *Metarhizium*. Nzige waliofugwa bila bakteria kabisa hawakuwa na kinga hiyo, na kuvu ikaweza kuwaingia kupitia utumbo. Nzige wa kawaida hupitisha spora zilezile kwenye kinyesi bila madhara. Jambo la kuvutia ni kwamba mmoja wa bakteria hao, *Pantoea agglomerans*, hutengeneza pia kemikali iitwayo gwayakoli kutokana na mabaki ya mimea, na gwayakoli ni sehemu ya harufu inayowavuta nzige kukaa pamoja. Mdudu analindwa na kuitwa kundini na bakteria huyohuyo. Kwa hiyo kama mpango wako ni chambo cha kuvu kwa nzige, ubadilishe: pulizia mchanganyiko wa mafuta unaoshika kwenye ngozi.

Kwa mbu mambo yamegeuka. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba *Beauveria bassiana* ikimwingia *Anopheles stephensi*, kinga ya utumbo hushuka, *Serratia marcescens* huongezeka na kuvuka kwenda kwenye damu, na mbu hufa mapema kuliko wale wasio na bakteria. Kuvu huachilia sumu iitwayo oosporeini inayoizima kinga hiyo. Sumu hiyohiyo, mdudu akishakufa, kuvu huitumia kuzuia bakteria wasiuozeshe mzoga kabla kuvu haijamaliza kuula.

Mzoga ndio ushahidi wako. Okota wadudu waliokufa leo, waweke kwenye kisanduku chenye karatasi yenye unyevu, funika, subiri siku 3 hadi 7. Mzoga wa *Beauveria* hukauka, ukawa mgumu, kisha utando mweupe hutokeza kwanza kwenye maungio ya miguu na pingili za tumbo. Wa *Metarhizium* huanza mweupe, ukageuka kijani. Ukipata mizoga laini, myeusi, yenye harufu na bila utando, bakteria wameshinda mbio. Mdudu amekufa, lakini hatatoa spora za kuambukiza wenzake, hivyo usitegemee wimbi la pili; pulizia tena.

Minyoo wametawanywa, mabuu ya udongoni yako hai

Hapa bakteria wa maana ni wa utumboni mwa mnyoo, yaani mwa adui wa mdudu. Mnyoo wa *Steinernema* hubeba *Xenorhabdus*, wa *Heterorhabditis* hubeba *Photorhabdus*. Mnyoo huingia kwenye buu kupitia mdomo, mkundu au matundu ya kupumulia, akawatapika au kuwatoa bakteria hao ndani ya damu, na buu hufa ndani ya saa 24 hadi 48. Mnyoo asiye na bakteria wake ni karibu hana silaha.

Anza na uhai wa minyoo. Weka tone la mchanganyiko chini ya lenzi. *Steinernema* wengine hutulia wamenyooka hata wakiwa hai, kwa hiyo watikise au waguse kwa sindano kabla ya kuwahesabu kuwa wafu. Kama wengi wamekufa, tafuta kosa kwenye joto la kuhifadhia, kwenye chujio la pampu lililokuwa na matundu madogo, au kwenye jua la mchana. Udongo mkavu nao huwamaliza: mwagilia kabla na baada.

Kama wako hai, wape mtihani. Chukua udongo kutoka eneo lililotibiwa, uweke kwenye kikopo, tia ndani viwavi wa nondo wa nta (*Galleria mellonella*), geuza kikopo juu chini na uache kwenye joto la kawaida. Kagua kila siku. Mzoga utakuambia mengi kwa rangi na harufu. Buu aliyeuawa na *Heterorhabditis* huwa mwekundu wa matofali, analegea bila kuoza, na hanuki uvundo. Ukiingia naye kwenye chumba chenye giza kamili na kuyaacha macho yazoee kwa dakika kadhaa, utamwona aking'aa mwanga hafifu wa samawati-kijani: ni *Photorhabdus* huyo. Wa *Steinernema* huwa na rangi ya krimu, kahawia au kijivu, naye pia hanuki. Hii ni kwa sababu bakteria hawa hutoa antibiotiki zao wenyewe na kuwazuia waozeshaji.

Mzoga mweusi, unaonuka, unaopasuka ukiguswa ni dalili kwamba bakteria wageni wamechukua nafasi. Ukiwa unafuga minyoo mwenyewe na hali hii inajirudia, shuku mbegu yako ya bakteria. *Xenorhabdus* na *Photorhabdus* wakikuzwa muda mrefu maabara hugeuka kutoka hali ya kwanza kwenda hali ya pili. Katika hali ya pili hutoa antibiotiki kidogo na hawawalishi minyoo vizuri. Idadi ya minyoo wapya kwa kila mzoga hushuka. Kwa *Xenorhabdus*, agari yenye rangi za bromothimoli bluu na tetrazoli huonyesha tofauti waziwazi: koloni za bluu ni za hali ya kwanza, nyekundu ni za hali ya pili. Rudi kwenye akiba iliyogandishwa na uanze upya. Kujaribu kuokoa mbegu iliyogeuka ni kupoteza muda.

Nyigu wametaga ndani ya vidukari, lakini mumiani hawaonekani

Kidukari aliyeshambuliwa na nyigu kama *Aphidius* huvimba na kukauka akawa ganda la rangi ya shaba, mumiani. Ukiona nyigu wakitaga na mumiani hawatokei, pasua vidukari kadhaa siku 4 au 5 baada ya kutagiwa. Ukikuta mayai au mabuu ya nyigu yamedumaa au yamekufa, shuku *Hamiltonella defensa*. Huyu si wa utumboni hasa. Anaishi kwenye tishu na damu ya kidukari na hurithiwa kutoka kwa mama. Akibeba virusi vya bakteria viitwavyo APSE, sumu zinazotokana navyo humuua mtoto wa nyigu ndani ya kidukari.

Kuachia nyigu walewale kwa wingi zaidi hakutatui tatizo, kwa sababu unazidi kuchagua vidukari wenye ulinzi: wasio nao wanakufa, wenye nao wanazaana. Lete wanaokula kidukari mzima, kama vipepeo kimia na mbawakawa mabibi. Kinga hiyo haiwazuii.

Mabuu yamegeuka manjano na yanang'aa, lakini yanatembea

Usipulizie tena. Kwa buu la nyasi la New Zealand (*Costelytra*), hii ndiyo picha ya ugonjwa wa kaharabu, unaoletwa na *Serratia entomophila*, bakteria aliyetengenezwa kuwa dawa ya mashamba ya malisho. Buu lenye afya lina utumbo mweusi wa udongo na mizizi unaoonekana kupitia ngozi. Likimmeza *Serratia* mwenye plasmidi (kipande cha DNA) ya ugonjwa huo, huacha kula ndani ya siku 1 hadi 3, utumbo unamwagika mpaka tupu, na mwili unabaki na rangi ya kaharabu. Linaweza kuishi hivyo kwa wiki kadhaa bila kula mzizi hata mmoja. Hesabu mabuu yenye utumbo mweusi. Hayo ndiyo bado yanakudhuru.

Madume tasa wameachiwa, majike wanawapuuza

Madume tasa huachiwa ili majike wapandane nao bila kupata watoto. Kwa inzi wa matunda *Ceratitis capitata*, mionzi inayowafanya madume kuwa tasa huvuruga pia bakteria wa utumboni: jamii ya *Klebsiella* hupungua na *Pseudomonas* huongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kuwalisha madume hao *Klebsiella oxytoca* baada ya mionzi kuliboresha uwezo wao wa kushindania majike. Kama dozi ya mionzi, usafirishaji na joto viko sawa na madume bado ni wazito, jaribu chakula chenye bakteria hao kwa kundi moja na ulilinganishe na lisilopewa ndani ya kizimba kimoja na madume wa porini.

Inzi wa zeituni *Bactrocera oleae* ana shida yake. Mabuu yake hayawezi kukua vizuri ndani ya zeituni mbichi bila bakteria aitwaye *Erwinia dacicola*, na ufugaji wa maabara, hasa wenye antibiotiki kwenye chakula, humpoteza. Ukiona koloni ya inzi huyu inakua vema kwenye chakula cha kutengenezwa lakini inagoma kwenye tunda la kijani, umepata jibu. Ingiza inzi wa porini kwenye koloni na uondoe antibiotiki.

Kunguni wa mimea hawafi kwa dawa iliyokuwa ikiwaua

Kunguni wa maharage *Riptortus pedestris* harithi bakteria wake kutoka kwa mama. Kila kizazi huokota wapya udongoni, jamii ya *Burkholderia*, na kuwaweka kwenye vifuko vya utumbo. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mahali palipopuliziwa fenitrothioni mara kwa mara, udongo hujaa *Burkholderia* wanaokula dawa hiyo, na tunutu (kunguni mchanga) akiwaokota hao anapata usugu siku hiyohiyo bila jeni lake hata moja kubadilika.

Wapime hivi: fuga tunutu waliotoka kwenye mayai yaliyosafishwa, kundi moja likae na udongo wa shamba lako, jingine na udongo uliochemshwa kwa mvuke. Wakikua, wape dozi ileile. Wa udongo wa shamba wakipona na wenzao wakifa, usugu umetoka ardhini. Acha dawa hiyo na jamii yake yote, usipunguze tu.

Kunguni anayenuka *Halyomorpha halys* yeye humpa mtoto urithi: jike hupaka mayai ute wenye *Pantoea carbekii*, na watoto wakitoka hubaki juu ya maganda wakiunyonya. Ukikuta tunutu wachanga wamejikusanya juu ya mayai bila kusogea, ndicho wanachofanya. Mayai yakisafishwa ute huo, watoto wengi hufa au hudumaa. Hiyo ndiyo saa ya kuwashughulikia, maana baada ya hapo bakteria wameshaingia tumboni.

Ukilazimika kupeleka sampuli

Mdudu aliyekufa tangu juzi hafai. Bakteria wowote wa mzoga watakuwa wamejaa ndani yake na utaambiwa habari za uozo. Kusanya makundi mawili: wazima kabisa, na wanaokufa wakiwa bado wanatikisika. Andika kwa kila kundi mmea waliokuwa wakiula, tarehe ya dawa ya mwisho, na kama waliwahi kula chakula chenye antibiotiki. Wa kupimwa DNA watumbukizwe kwenye ethanoli ya asilimia 95 mara moja. Wa kuoteshwa bakteria wasiguswe na ethanoli hiyo. Wapelekwe hai, kwenye chombo chenye ubaridi, ndani ya siku hiyohiyo. Kabla ya kuwapasua, ngozi isafishwe kwa ethanoli ya asilimia 70 na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa, na maji ya suuzo la mwisho yapakwe kwenye sahani yake peke yake. Kitakachoota kwenye sahani hiyo kilitoka nje ya mdudu, na ukikikuta pia kwenye sahani ya utumbo, usikihesabu.